Kamshafti za digrii 264 badala ya 288: huduma ya gereji moja ya Nakuru

Niliingia katika gereji hiyo nikiwa nimekwisha kuamua kwamba Corolla yangu yenye injini ya 4A-GE, ile ya cc 1587 na valvu 16, ingefungwa kamshafti (mihimili inayozunguka na kufungua valvu, vilango vya hewa na moshi) za digrii 288, kwa sababu nilikuwa nimeusikia mngurumo wake wa kukatikakatika nikaupenda. Fundi mkuu hakunibishia. Aliniuliza tu ni barabara zipi ninazopita na ni mara ngapi sindano ya kipimo cha kasi ya injini huvuka mizunguko 6,000 kwa dakika. Nikakiri kwamba gari hunipeleka kazini, na kila mwisho wa mwezi hupanda Salgaa hadi Mau Summit nikielekea Kisumu.

Maelezo aliyonipa yalistahili malipo peke yake. Digrii hizo hupima muda ambao nundu ya kamshafti huiweka valvu wazi, zikihesabiwa kwa mzunguko wa krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ambayo huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Muda huo ukirefushwa, valvu ya kuingiza hewa huchelewa kufunga. Injini ikienda kasi hunufaika, lakini ikienda polepole, pistoni inayopanda huisukuma nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Nakuru iko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake tayari imepungua kwa takriban sehemu moja kati ya tano, kwa hiyo hakuna ya kuchezea. Aliongeza kwamba 288 zingepunguza mvuto wa hewa unaosaidia breki, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na kwamba zingedai springi za valvu zilizo ngumu zaidi. Tukakubaliana 264.

Ufungaji wenyewe haukufikia kiwango cha ushauri. Siku mbili nilizoahidiwa zikawa sita, na nilipolichukua gari, injini ilikuwa ikigonga kama cherehani kuukuu. Niliporudi, kifuniko cha valvu kilifunguliwa mbele yangu injini ikiwa baridi: valvu moja ya kutolea moshi katika silinda ya tatu ilikuwa na nafasi ya milimita 0.38 kati yake na kamshafti, ilhali inatakiwa iwe kati ya 0.20 na 0.30. Msaidizi alikuwa amerudisha shimu ya zamani, kisahani kinachorekebisha nafasi hiyo, bila kupima. Waliibadilisha bila kunitoza chochote, na fundi mkuu aliomba radhi, ila shati langu la kazini lilikuwa limekwisha kupata oili.

Sasa injini hutulia kwenye taa za barabarani, na ikivuka mizunguko 4,000 huvuta kwa nguvu ambayo haikuwa nayo. Pale Salgaa, nikiwa gia ya tatu nyuma ya malori, sihitaji tena kurudi ya pili. Ukipeleka gari lako huko, omba uonyeshwe vipimo vya valvu zote 16 vikiwa vimeandikwa kabla hujalipa.