Kitanda cha paina cha mtoto, cha kuchongesha hapa Mbeya: uzoefu wangu

Wawili wa kwanza nililala nao kitanda kimoja, huyu wa tatu nikasema hapana, maana mi nikilala ni gogo na baba yake ndo usiseme. Nikaenda kwa fundi mmoja huku Uyole, tukapatana laki na ishirini bila godoro. Mbao kasema zimetoka Mafinga, na kweli ukikitikisa hakilii hata kidogo, hapo maksi zote nampa.

Shida ilikuwa nafasi kati ya fito. Inatakiwa isizidi kama sentimita 6, mtoto asije akateleza mwili ukapita kichwa kikabaki. Kama huna tepu chukua kopo la soda, lile nene sio haya membamba ya siku hizi, likipita ujue ni pana. Langu lilipita likadondokea upande wa pili! Nikakirudisha na bajaji, fundi anacheka eti dada nawe una mambo, ila akaongeza fito bila kunidai. Zile siku tano alizosema zikawa wiki mbili, na vanishi ilinuka hadi kikakaa barazani wiki nyingine ndo kikaingia ndani, pembeni ya kitanda chetu.

Godoro nilikatisha kwa saizi, gumu, pembeni hapaingii vidole viwili. Na ndani ya kitanda hamna kitu kingine, ndo ugomvi ukaanzia hapo. Mama mkwe kaja toka Tukuyu mwezi wa saba, baridi ya Uyole mnaijua, anataka mito, blanketi la manyoya, na jiko la mkaa liingie chumbani, "mwanangu, mjukuu ataganda huyu." Jiko nilikataa kabisa, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Mito na blanketi navyo vinaweza kumziba pua. Tukaelewana kwenye nguo: fulana, ovaroli, halafu ule mfuko wa kulalia wenye zipu, nimeupata mtumba Mwanjelwa elfu tano tu, analazwa chali kichwa wazi. Mikono ikiwa ya baridi isikutishe, gusa kifua.

Dirishani nimeweka kitenge mara mbili, saa mbili taa inazimwa. Siku ya tatu mama mkwe ndo anamlaza mwenyewe, anachungulia kwenye fito ananong'ona "ndaga", sijui anamshukuru nini.

Fundi nampa nne kwa tano, hiyo moja imebaki kwenye vanishi.