Nyaya za bredibodi: ununue zipi kwanza?

Bredibodi ni bodi ya plastiki yenye matundu, ya kuunganishia vifaa vya elektroniki bila kulehemu. Anayeanza elektroniki humaliza pesa kwenye Arduino (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu) na sensa, nyaya akachukua zozote atakazopewa. Baadaye taa inawaka akiishika, inazima akiiachia, naye anakesha akirekebisha programu isiyo na kosa. Kwa hiyo kigezo changu hapa ni kimoja: waya unashika tunduni au haushiki?

1. Waya wa shaba wa uzi mmoja, geji 22 (geji ni kipimo cha unene; namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba). Huu ndio wa kununua. Unene wake ni milimita 0.64, unaingia ukiwa umenyooka na kibanio cha ndani ya tundu kinaukamata. Unakata urefu unaoutaka, unamenya kama milimita 7 kila upande, unaulaza juu ya bodi na kila njia unaiona. Chukua mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi, na rangi nyingine mbili za ishara.

Mfuko ukiwa mwepesi, tafuta kipande cha kebo ya intaneti ya Cat5e, ile ngumu ya kupitishwa ukutani. Ndani mna nyaya nane za geji 24, nyembamba kidogo lakini zinafaa sana. Kabla hujalipa, kwangua ncha kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukikuta weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, itakatika ukiikunja mara chache. Sumaku ikiuvuta waya, ni chuma.

2. Jampa zenye pini, yaani nyaya fupi zilizokwisha kufungwa vichwa. Utazihitaji hata hivyo, maana ndizo zinazotoka bredibodi kwenda Arduino. Huuzwa kwa utepe, mara nyingi nyaya 40. Dume ni ncha yenye pini, jike ni ncha yenye tundu. Dume kwa dume ni za kati ya bodi na bodi. Dume kwa jike ni za sensa zenye pini. Ubaya wake ni kwamba waya ukikatika ndani ya kile kichwa cheusi huwezi kuuona. Omba multimita (kifaa cha kupimia umeme) hapohapo dukani, iweke kwenye mlio, yaani hali inayolia njia ikiwa nzima, shika ncha mbili, kisha tikisa. Mlio ukikatikakatika, rudisha.

3. Kasha la vipande vya waya vilivyokwisha kukatwa na kukunjwa. Bodi inapendeza, kazi inakwenda haraka. Ila urefu unaoutumia sana huisha mapema, unabaki na usiouhitaji. Kwa bei yake, anayeanza asubiri.

Usinunue kabisa waya wa spika: nyuzi zake hufumuka, moja ikigusa tundu la jirani ni shoti. Waya wa nyumba wa 1.5 mm² ndio mbaya zaidi. Una unene wa milimita 1.38, ukiusukuma unatanua kibanio, na tundu hilo halitashika tena mguu wa rizista. Hapo umeharibu bodi yenyewe.

Kwenye bodi ya matundu 830, angalia mstari mwekundu wa pembeni. Ukiwa umekatika katikati, umeme nao huenda umekatika hapo. Unganisha kwa kipande kifupi, na upande wa hasi vilevile. Umeme wa ukutani usiupitishe humo kamwe.

Pesa ikibaki, nunua koleo la kumenyea waya. Ukimenya kwa meno yako unaacha mkwaruzo, na waya hukatikia hapo.