Meno ya kahawa na tambuu: yasafishwe au yang'arishwe kwa dawa?

Ukinywa kahawa chungu kila jioni hapa Mombasa, au ukitafuna tambuu, doa lako huwa juu ya jino. Daktari wa meno hulikwangua pamoja na ukoga. Gharama ni nafuu, ila rangi ya jino lenyewe haibadiliki. Peroksaidi, yaani dawa ya kung'arisha, hupenya ndani ya jino na kuvunja chembe za rangi, ndiyo maana hushinda kwa manjano ya umri. Lakini maji baridi yaweza kukuchoma siku kadhaa, na sehemu iliyozibwa haing'ari. Madoa ya kahawia ya floraidi (madini ya kwenye maji), ya tangu utotoni, husumbua njia zote mbili. Huachi tambuu? Safisha kwanza. Ndimu, tafadhali, usisugulie: asidi yake hula jino.