Nimepima mvutano wa dunia ndani ya FlightGear na Orbiter: uzoefu wangu

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na likizo iliyopita alikuja nyumbani na gemu ya ndege kwenye simu yake. Akapandisha ndege hadi futi 60,000, kisha akaniita: "Mjomba, njoo uone. Huku juu mvutano umekwisha, ndege imekuwa nyepesi." Nikakaa naye. Ni kweli ndege ilikuwa inateleza huku na huku kama iko juu ya mafuta. Nikamwambia azime injini. Akazima. Kimo hakikupungua hata futi moja. Ndege ikabaki inaelea palepale, pua juu, kama puto.

Gemu ile ameilipia, na maelezo yake yanaahidi fizikia ya kweli. Jina lake sitalitaja. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alikuwa ameamini, na mimi ndiye ninayefundisha fizikia katika ukoo wetu. Nikatafuta vitu viwili ambavyo nilikuwa nimevisikia kwa miaka bila kuvigusa: FlightGear, programu ya kurusha ndege, na Orbiter, ya kurusha vyombo vya anga za juu. Vyote ni vya bure, na msimbo wa vyote uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Nimevitumia kwa miezi kadhaa sasa, na swali moja tu kichwani: ndege ikipanda juu sana, programu inajua kwamba mvutano unapungua? Na inajua unapungua kwa kiasi gani?

Nianze na FlightGear. Ni kazi ya watu wa kujitolea iliyoanza miaka ya 1990. Naitumia kwenye kompyuta mpakato ya zamani, nimepunguza ubora wa picha, na inakwenda. Ila weka bando la kutosha, kwa sababu mandhari hupakuliwa kadiri unavyoruka. Ndege nyingi ndani yake huendeshwa na programu ya mahesabu iitwayo JSBSim, na hiyo ndiyo iliyonivutia. Kwenye menyu kuna dirisha la kuchungulia thamani zote za ndani wakati ndege iko hewani: kasi, msongamano wa hewa, pembe ya bawa dhidi ya hewa inayolijia, na mchapuko wa mvutano wenyewe, kwa futi kwa sekunde mraba. Hakuna kufichwa kitu.

Siku ya kwanza niliweka ndege kwenye uwanja wa Mombasa, nikafungua dirisha hilo. Likaandika 32.2, yaani kama mita 9.81 kwa sekunde mraba. Nikadhani nimekamata kosa, maana Mombasa iko karibu na ikweta na thamani inayopimwa huko ni kama 9.78. Nilihangaika jioni nzima kabla sijaelewa. Hiyo 9.78 ina vitu viwili ndani yake: mvutano wa dunia, na kiasi kidogo kinachoondolewa na mzunguko wa dunia, kama mita 0.034 kwa sekunde mraba pale ikweta. JSBSim inavitenganisha. Inahesabu mvutano peke yake, kwa umbo la dunia lililotuna kwenye ikweta, halafu inazungusha dunia kama dunia inavyozunguka. Nilifurahi sana usiku ule. Mtu aliyeandika hivyo hakuwa anatafuta njia ya mkato.

Sasa kimo. Chukua gunia la kilo 100 na mizani ya springi. Gunia hilo likipanda futi 35,000, ambako ndege za abiria husafiri, mizani itapungua kama gramu 330. Likifika futi 60,000, kimo ilichokuwa ikifika Concorde, ndege ya abiria iliyozidi kasi ya sauti, gramu 570 hivi. Tarehe 22 Agosti 1963 rubani Joe Walker aliipandisha X-15, ndege ya roketi ya Marekani, hadi futi 354,200, karibu kilomita 108. Hata pale, kwenye mlango wa anga za juu kabisa, gunia lingepungua kilo 3.3 tu. Na kama ungeweza kujenga mnara wa kilomita 400, kimo ambacho Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita, ukasimama juu yake na gunia lako, mizani ingekuonyesha bado kilo 88 na ushee.

Nilipandisha ndege taratibu nikiandika namba kwenye daftari kila futi 5,000, na namba za JSBSim zilifuata hesabu hiyo bila kuteleza. Lakini somo kubwa nililipata nilipohamisha ndege kutoka Mombasa kwenda Helsinki. Dunia imebinyika kidogo kwenye ncha, na mzunguko wake unapunguza zaidi uzito wa walio ikweta. Ukijumlisha yote mawili, gunia lililoko chini bandarini Mombasa ni jepesi kuliko gunia lilelile likiwa futi 35,000 juu ya Helsinki. Yaani mahali ulipo duniani panaweza kubadilisha uzito wako kuliko kupanda hadi kimo cha ndege ya abiria. Nilimwonyesha mpwa wangu, akabisha, tukapiga hesabu kwa kalamu, akanyamaza.

Basi ule wepesi aliouona kwenye simu umetoka wapi? Umetoka kwenye hewa. Futi 35,000 msongamano wa hewa ni chini kidogo ya theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari; futi 60,000 hata sehemu moja ya kumi haifiki. Hewa ndiyo inayoishika ndege isiyumbe. Ikiwa nzito, bawa likiinuka tu linarudishwa mahali pake upesi. Ikiwa nyembamba, ndege inayumba kushoto na kulia na kuchelewa kutulia. Katika FlightGear nilizima mfumo unaozuia pua kuyumba, nikausukuma usukani wa mkia mara moja, nikaachia. Chini, futi 5,000, ndege ilitikisika kidogo ikatulia. Juu, futi 37,000, iliendelea kubembea kwa muda mrefu, na kila bembea ilirudi karibu na ukubwa uleule. Mvutano kwenye dirisha haukuwa umebadilika zaidi ya sehemu moja katika 300. Kilichobadilika ni hewa, basi. Ndiyo maana X-15 ilifungwa vijeti vidogo vya haidrojeni peroksaidi puani na kwenye mabawa: kule juu hakukuwa na hewa ya kutosha kwa mapezi kufanya kazi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza gemu gani ya ndege ina mvutano wa kweli kule juu, namwuliza kwanza ina hewa gani. Kwa ndege ya abiria, gemu ikiweka mvutano uleule kuanzia ardhini hadi futi 40,000, kosa lake halifiki hata asilimia 0.4. Ikikosea hewa, hakuna kinachobaki.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye FlightGear anapaswa kulifanya na mtoto wake. Pandisha ndege hadi kama futi 20,000, ongeza kasi, vuta usukani hadi pua iangalie juu kwa digrii 40 na kitu, halafu sukuma mbele taratibu mpaka mshale wa kipimo cha G, yaani kipimo cha uzito unaouhisi, ukae kwenye sifuri. Ushikilie hapo. Ndege inapanda, inapinda, inaanza kushuka, na kwa muda wote huo mshale unasema huna uzito. Ndege ya Airbus A310 ya kampuni ya Novespace huko Bordeaux, Ufaransa, huwafanyia hivyo watafiti na hupata sekunde kama 22 kila mara. Mimi na mpwa wangu tulifikisha 17. Nilikuwa nimeacha dirisha la thamani wazi pembeni. "Angalia mshale," nikamwambia, "halafu angalia mvutano." Mshale: 0. Mvutano: 32.1. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akasema, "Kumbe tunaanguka." Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta tangu siku ya ile gemu ya simu.

Jaribio langu mwenyewe ninalolipenda zaidi ni la mashariki na magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mwanafizikia wa Hungaria Loránd Eötvös alipitia vipimo vya mvutano vilivyochukuliwa melini, Bahari ya Hindi ikiwemo, akaona kwamba meli inayokwenda mashariki inakuwa nyepesi kidogo na inayokwenda magharibi inakuwa nzito kidogo. Anayekwenda mashariki anaongezea kasi yake juu ya mzunguko wa dunia. Anayekwenda magharibi anaupunguza. Kwa ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa juu ya ikweta, kwenda mashariki tu kunapunguza uzito kuliko kule kupanda futi 35,000. Na tofauti kati ya kwenda na kurudi, kwa ndege ya tani 200, inafika tani moja na nusu.

Nikaiweka ndege juu ya Bahari ya Hindi, kwenye ikweta kabisa, upepo sifuri, nikagandisha mafuta yasipungue. Dakika kumi mashariki, dakika kumi magharibi, kasi ileile, kimo kilekile. Nilikuwa nasubiri pembe ya bawa. Ikatofautiana kwa sehemu chache za mia za digrii moja: magharibi bawa lilibidi liinuke zaidi ili kubeba mzigo uleule. Ni kitu ambacho hakuna rubani atakihisi mkononi. Lakini kilikuwepo, na kilikuwepo upande uliostahili. Gemu yenye dunia bapa au dunia isiyozunguka haiwezi kukupa hilo hata ungelipa kiasi gani.

Ukitaka kutoka nje ya angahewa kabisa, FlightGear inakufikisha mbali, lakini mimi nahamia Orbiter. Iliandikwa na Martin Schweiger, ikatoka mwaka 2000, na mwaka 2021 msimbo wake ukawekwa wazi. Ni ya Windows, na inataka uisome kwanza, haikushiki mkono. Nitasema pia neno moja kuhusu Kerbal Space Program, gemu ya kurusha roketi, kwa kuwa wanafunzi wangu huitaja kila mara: ni nzuri kwa kujifunza kuzunguka sayari, ila sayari yake, Kerbin, ina nusu kipenyo cha kilomita 600 tu. Kwa hiyo mvutano unashuka kwa karibu asilimia 20 ukifika mwisho wa angahewa yake, kilomita 70. Namba zake si za dunia yetu, wala haikukusudiwa ziwe.

Katika Orbiter unaweza kuandika kwenye faili la safari mahali chombo kinapoanzia. Mimi niliandika longitudo 40.21 na latitudo -2.94. Hapo ni baharini karibu na Malindi, kwenye majukwaa ya Waitalia ya San Marco, ambapo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru. Neno letu. Walichagua pale kwa sababu ya ikweta, na Orbiter inakuonyesha sababu hiyo kabla hujawasha injini: chombo kimetulia, lakini kioo cha obiti, yaani njia ya kuzunguka dunia, kinasoma kasi ya mita 464 kwa sekunde kuelekea mashariki. Hiyo ni zawadi ya mzunguko wa dunia, na ukirusha kuelekea magharibi lazima uilipe kwanza.

Nilirusha mashariki, nikaingia kwenye obiti ya kilomita 550 hivi, nikazima injini. Kule mvutano bado ni zaidi ya asilimia 84 ya wa ardhini, na chombo hakianguki chini kwa sababu moja tu: kina kasi ya kilomita 7.6 kwa sekunde upande. Nikapunguza kasi kwa makusudi, kidogo tu, nikaona upande wa pili wa obiti unashuka kuelekea angahewa. Hakuna kuelea kama puto.

Kisha, kwenye mipangilio, nikaweka alama kwenye kisanduku cha mvutano wa dunia isiyo duara kamili. Kabla ya hapo, mahali obiti inapokata ikweta, ukilinganisha na nyota, palikuwa palepale siku zote. Baada ya hapo pakaanza kusogea, zaidi ya digrii 7 kwa siku, kwa sababu ya kilomita 21 ambazo nusu kipenyo cha ikweta kinazidi kile cha ncha. Niliharakisha saa ya programu, nikapitisha siku tano kwa dakika chache, nikapima: digrii 37. Nikapiga hesabu kwa mkono, ikatoka hiyohiyo.

Kwa mwenye kompyuta ya kawaida na mtoto anayeuliza maswali, pakua FlightGear kwanza, na uchague ndege iliyojengwa kwa JSBSim, kwa maana si zote zinatumia mahesabu hayo. Orbiter iache kwa mwezi wa pili. Ukifika huko, namba za Malindi ni hizo nilizoandika hapo juu, longitudo kwanza, latitudo baadaye. Elekeza pua digrii 90 za dira, yaani mashariki.