TAHADHARI: kuna jamaa anauza "pointi 50" za PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada, hizo pointi hazipo tena

Wadau habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira bado kwa hiyo mtanivumilia ikiwa ndefu, ila nimeona heri niaibike mimi kuliko mwenzangu mwingine alizwe. Hii ni kwa walioko Kanada kwa pemiti ya kazi, hasa ile iliyofungwa kwa mwajiri mmoja, mnaohangaikia makaratasi ya kudumu.

Huyu mtu huwezi kumkuta kwenye matangazo, anakuja kwa mgongo wa mtu unayemjua. Kwangu alipitia kwa mshkaji wa kazini, tulikuwa wote jikoni kwenye mgahawa, akaniambia kuna kaka mmoja anasaidia Waswahili wenzetu, yuko vizuri sana. Na kweli Kiswahili chake kimenyooka, adabu zote anazo, wakubwa anawaamkia shikamoo. Akanipigia Wasap usiku na swali la kwanza kabisa, hata jina langu hajalimaliza, "ndugu yangu, pemiti yako inaisha lini?" Nikamjibu miezi mitano. Hapo nilimpa kisu mwenyewe, kilichobaki ilikuwa yeye kuchagua akate wapi.

Ofa yake ilikuwa dola 15,000 za Kanada, nusu unatanguliza. Anakutafutia mwajiri mwenye LMIA, yaani kibali cha serikali cha kuajiri mgeni, kwenye karatasi unasomeka msimamizi wa mgahawa, unaongezewa pointi 50 kwenye Express Entry, ule mfumo wa kuombea PR kwa pointi, miezi sita PR hii hapa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kumenya viazi, kwenye mpangilio wao wa ngazi za kazi hiyo ni TEER 5, ya chini kabisa, wakati Canadian Experience Class, njia ya PR kwa waliofanya kazi Kanada, inataka mwaka mmoja wa kazi za TEER 0 mpaka 3 ndani ya miaka mitatu ya mwisho. Maana yake hata ningemenya viazi miaka kumi kwa njia ile isingehesabika, na yeye alilijua hilo, ndo maana lile neno "msimamizi" lilinilainisha kuliko hata hizo pointi. Nikamtumia 7,500 kwa Interac, ile huduma ya kutumiana hela za benki. Akaunti ina jina la mwanamke nisiyemfahamu, nikauliza, akasema ni mhasibu wake. Mhasibu! Nikasema sawa.

Hiyo ilikuwa Mei 2025. Sasa sikilizeni.

Pointi za ofa ya kazi kwenye Express Entry zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Zilikuwepo kweli zamani, 50 kwa kazi nyingi na 200 kwa wale mabosi wakubwa, ila Desemba 2024 waziri wa uhamiaji wa wakati ule, Marc Miller, akatangaza kwamba zinaondolewa, na sababu yenyewe ni hawa hawa matapeli wanaouza LMIA. Yaani mimi nimeuziwa kitu kilichokufa miezi miwili kabla sijakilipia, na kilichokiua ni biashara ya muuzaji. Ofa ya kazi haijakosa maana kabisa, kuna programu za mikoa bado zinaitaka, na LMIA bado inatumika kuombea pemiti, lakini zile 50 hakuna mtu anaweza kukuongezea, awe na koneksheni mpaka Ottawa.

Na LMIA yenyewe tuelewane. Ni mwajiri anayeiomba serikalini, kuonyesha kwamba ametafuta watu wa hapa na hakupata. Ada yake ni dola 1,000 kwa kila nafasi, anailipa mwajiri, na sheria inamkataza kuidai kutoka kwa mfanyakazi kwa njia yoyote, iwe kukukata mshahara au kukwambia "tuchangie". Kwa hiyo mtu akishakutajia bei ya LMIA wewe mfanyakazi, hata iwe dola mia mbili, huyo tayari ni mwizi.

Nilishtuka baada ya wiki kama saba hivi. Akanipigia kusema mwajiri kapatikana, utaratibu utakuwa hivi, atanilipa kwa cheki kama msimamizi halafu mimi namrudishia sehemu ya hela taslimu kila wiki mbili, na kodi ya mshahara wote iko juu yangu. Nikakaa kimya. Nikamwambia dada mmoja Mfilipino tuliyekuwa naye kazini, huyu ameshapita njia hii ya PR mwenyewe, akacheka kwanza, kisha akanifungulia ukurasa wa IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, kwenye simu yake na tarehe ile ya Machi ikawa mbele ya macho yangu. Nilijisikia mjinga sijui niseme vipi.

Nikamuuliza jamaa. Akasema hizo ni habari za watu wasio na watu ndani. Nikamwambia nataka hela yangu, na upole wote ukaisha, akaniambia akiamua anaifuta pemiti yangu leo leo na nitarudishwa kwetu na begi moja. Wiki mbili sikulala. Kila gari likisimama nje nachungulia dirishani. Hili nalisema kwa msisitizo maana ndo silaha yake kubwa: hana uwezo huo. Anayefuta pemiti ni maofisa wa uhamiaji, kwa sababu zilizo kwenye sheria, ajenti wa Wasap hana pa kubonyeza.

Kitu ambacho kweli anaweza kukuharibia ni kile alichoandika kwa jina lako. Akaunti yangu ya uhamiaji aliifungua yeye kwa imeili yake, mimi paswadi sina, na fomu ya kumtambulisha kama mwakilishi wangu, IMM 5476, hakutaka hata kuisikia, anasema inachelewesha mambo. Inachelewesha nini? Hataki jina lake lionekane popote, basi. Nikaomba faili langu mwenyewe kwa ile sheria ya kupata taarifa, dola 5 tu, na lilipokuja hakuna ombi lolote la pemiti mpya lililopelekwa. Kuna profaili ya Express Entry peke yake, ambayo kuifungua ni bure, na ndani kaandika mimi ni msimamizi tangu 2023. Ule ni uongo kwa jina langu! Wakikukuta na udanganyifu wa aina ile unaweza kufungiwa miaka 5 usiombe PR, na wao hawajali nani alikuwa kwenye kibodi. Nilienda kwa wakili wa kweli, tukaiondoa ile profaili na kuandika maelezo kabla haijaalikwa kuomba PR.

Pemiti nashukuru bosi wangu aliomba LMIA kwa njia ya kawaida, na mimi niliwahi kupeleka maombi ya pemiti kabla ya ile ya zamani kuisha, ukiwahi hivyo unaruhusiwa kuendelea na kazi ile ile ukisubiri jibu. Hela haijarudi. Benki wanasema ikishapokelewa imepokelewa, polisi wamechukua ripoti.

Leseni alinipa namba, msije mkadhani sikuuliza. Wanaoruhusiwa kukulipisha kwa ushauri wa uhamiaji ni mawakili, maparalego (wasaidizi wa kisheria wenye leseni) wa Ontario, manotari wa Quebec na washauri walioandikishwa kwenye bodi yao ya leseni, CICC, na namba aliyonipa nikaikuta kwenye rejista yao kabisa, hai. Kumbe ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo namba kuwepo haitoshi, chukua simu iliyoandikwa pale kwenye rejista, piga wewe, uliza kama ndo yeye unayechati naye.

Kama umeshaingia kwenye ule mpango wa cheki na kurudisha hela, bosi wako ndo anakunyonya na pemiti yako imefungwa kwake, kuna pemiti ya wazi, isiyofungwa kwa mwajiri mmoja, kwa wafanyakazi wanaonyanyaswa, ipo tangu Juni 2019 na kuiomba hulipi. Unyanyasaji wa pesa nao unahesabika, si kupigwa tu. Weka ushahidi, meseji, cheki, muamala, sauti zake za Wasap.

Kinachoniuma hata leo ni hizi 50. Kuna pointi 50 za halali kwenye mfumo ule ule, unapewa ukifikisha NCLC 7, kipimo chao cha Kifaransa, pande zote nne (kusoma, kuandika, kusikiliza, kuongea) na Kiingereza chako kisiwe chini ya CLB 5, kipimo chao cha Kiingereza. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wengi wanatembea nazo mdomoni, ni kufanya mtihani wa TEF au TCF Canada tu, na nawajua wawili ambao huyu jamaa ameshawachukulia hela ya "pointi".

Namba ya simu ameshabadilisha mara mbili kwa hiyo kuiweka hapa haisaidii. Mtamjua kwa ile sauti ya upole, na ataanza pale pale alipoanzia kwangu, pemiti yako inaisha lini. Msimwambie.