Audio-Technica AT2020 chini ya mabati: uzoefu wangu wa kurekodi sauti nyumbani Kisumu

Je, maiki ya AT2020 inatosha kurekodi sauti nyumbani? Nianze na jibu, kwa wenye haraka. Inatosha kabisa kwa matangazo ya redio, ujumbe wa mashirika kwa Kiswahili au Dholuo, zile sauti za simu za "bonyeza moja, bonyeza mbili", na hata vitabu vya kusikiliza. Lakini ukiisimamisha mezani katika chumba cha plasta na vigae, dirisha la luva likitazama barabara ya tuktuk, itakupa rekodi mbaya kuliko ya simu yako, na kosa halitakuwa la maiki.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Mtu anayezungumza kawaida hutoa kama desibeli 60 akipimwa mita 1 kutoka mdomoni. Maiki ikiwa sentimita 20, sauti hiyo hiyo huifikia ikiwa kama 74. Kelele ya ndani ya AT2020, kwa vipimo vya mtengenezaji, ni desibeli 20. Nafasi kati ya hizo mbili ni kubwa. Sasa angalia chumba: nyumba tulivu usiku huwa na kama desibeli 30, na iliyo karibu na barabara mchana huwa na 40 kwenda juu. ACX, jukwaa la kuuza vitabu vya sauti, ambao vipimo vyao hutumiwa kama kigezo hata na watu wasiouza huko, wanataka RMS (wastani wa nguvu ya sauti) iwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, na kimya kiwe chini ya -60; hizi ni desibeli za rekodi, ambapo 0 ndiyo kikomo cha juu. Ukiuweka usomaji wako, ile 74, kwenye -20, kila kitu kinashuka kwa 94, kwa hiyo chumba cha 30 kinakupa kimya cha -64: umepita. Chumba cha 40 kinakupa -54: umeanguka. Ungeanguka vilevile na Rode NT1 ya kizazi cha tano yenye kelele ya desibeli 4 tu. Basi anayekwambia ununue maiki ya bei zaidi ili "iondoe kelele" hajui anachosema.

Kuiunganisha si kazi, ila kuna mambo mawili yanayowakwamisha watu. Kwanza, AT2020 ya XLR (plagi ya pini tatu) inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Mimi naitumia na Focusrite Scarlett Solo, ambayo ina kitufe cha 48V mbele. Kebo ya kugeuza XLR kuwa pini ya 3.5 mm ya laptopu haitoi umeme huo, kwa hiyo utapata ukimya au mvumo. Pili, maiki hii husemewa ubavuni, upande wenye nembo, siyo kichwani kama maiki ya kanisani. Ukiisemea kichwani, sauti inatoka hafifu kama ya mtu aliye chumba cha pili, kisha unaongeza geini (ukuzaji wa sauti), na kelele yote ya mtaa inapanda pamoja nayo.

Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka maiki, na chujio la pumzi liwe katikati, kama sentimita 10 mbele ya maiki. Usiisemee uso kwa uso. Igeuze kama digrii 30 ili pumzi ya "pole", "pwani" na "mapato" ipite kando. Mgeuko huo hulainisha pia ile "s" kali ya "usisahau", ambayo maiki hii huichukua kwa ukali kidogo. Ukiusogeza mdomo chini ya sentimita 8, besi huvimba na kila pumzi inasikika.

Sasa chumba, maana kazi yote iko hapo.

Zile ngao za sponji zinazofungwa nyuma ya maiki ni pesa iliyotupwa kwa sehemu kubwa. AT2020 ni ya kadioidi: upande wake wa nyuma hausikii vizuri tangu mwanzo. Sauti yako inatoka mdomoni, inagonga ukuta wa mbele, inarudi, inagonga ukuta ulio mgongoni mwako, kisha inaingia moja kwa moja kwenye uso wa maiki unaosikia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutundika ni blanketi zito au duveti nyuma ya mgongo wako. Cha pili ni pande zote mbili, na cha tatu ni juu ya kichwa, hasa kama siling ni ya mbao ngumu. Ya nyuma ya maiki inakuja mwisho.

Trei za mayai usihangaike nazo kamwe. Sponji nyembamba ya sentimita 2 au 3 nayo inanyonya sauti za juu peke yake na kuacha za kati, ndiyo maana chumba kilichobandikwa sponji kila mahali hutoa sauti ya mtu aliye ndani ya ndoo. Kitambaa au sponji hufanya kazi vizuri kinapokuwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi la sauti kutoka ukutani: kwa hezi 1,000 ni kama sentimita 9, kwa hezi 500 ni 17. Fungia duveti kwenye kamba au fremu ya mabomba ya PVC, sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, liwe na mikunjo. Usilibane ukutani. Kwenye soko la Kibuye hapa Kisumu, siku ya soko kuu, utapata duveti na mablanketi ya mitumba kwa bei ya kuzungumza. Chagua kwa uzito: likiwa jepesi mkononi, liache.

Jaribio ni kupiga kofi moja mahali utakapokaa. Ukisikia "trrr" ya haraka baada ya kofi, bado kuna kuta mbili tupu zinazotazamana. Na usijifungie kwenye kibanda cha mita 1 kwa 1. Kuta zilizo karibu hivyo huvimbisha sauti karibu na hezi 170, na hapo sauti inakuwa ya boksi. Kona ya chumba cha kulala, kitanda na nguo zikiwemo, ni bora zaidi.

Hayo yote hunyonya mwangwi tu. Hayazuii tuktuk. Cha kuzuia kelele ya nje ni uzito na kuziba nyufa, na luva ni nyufa tupu. Kipande cha godoro gumu kilichokatwa sawasawa na dirisha, kikashindiliwa kwa nguvu, husaidia kuliko chochote kingine cha bei hiyo. Mvua juu ya mabati haina dawa, na Kisumu hupenda kunyesha alasiri na jioni, kwa hiyo kazi ya haraka usiipange baada ya saa tisa. Alfajiri kuna jogoo, adhana na kwarara. Usiku kuna nyenje, na mlio wao uko juu, hauondoki kwa kichujio cha besi. Kwangu saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo nafuu, watoto wakiwa shule. Tatizo la saa hizo ni mabati yenyewe: jua likiyapata yanatanuka na kutoa "tak" kavu, ambazo ukizisikia kwenye hedifoni utadhani ni kebo mbovu. Acha nafasi kidogo, rudia sentensi, endelea.

Mvumo wa umeme nao una chanzo chake. Ukisikia "mmm" ya chini, chomoa chaja ya laptopu. Ikipotea, tatizo ni soketi isiyo na waya wa ardhi au chaja yenyewe; rekodi kwa betri. Kichujio cha hezi 80 kitapunguza mvumo wa hezi 50 wa umeme lakini kitaacha 100 na 150, ambazo zimekaa ndani ya sauti ya mwanamume. Laptopu iweke mbali, nyuma ya maiki. Kinachorefushwa ni kebo ya XLR, si ya USB.

Kwenye Audacity, programu ya kurekodi, narekodi mono (chaneli moja), biti 24, hezi 44,100, vilele vikicheza kati ya -12 na -6. Baadaye: kichujio cha besi hezi 80, kupunguza kelele desibeli 6 tu, kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) 2:1, kusawazisha RMS hadi -20, limita (ya kuzuia vilele) -3.5. Ukipunguza kelele kwa desibeli 20, maneno yanaanza kulia kama yako ndani ya maji, na mteja atalisikia hilo kabla ya kusikia usomaji wako.

Mapungufu ya AT2020 yenyewe: haina swichi ya kukata besi, na kishikio chake hupitisha mtikisiko, kwa hiyo mguu ukigonga meza unasikika. Stendi ya sakafuni juu ya zulia lililokunjwa inatosha. Maiki ya AT2035 ina swichi ya kukata besi chini ya hezi 80, kelele ya desibeli 12, na huja na kishikio cha kuzuia mtikisiko. Kama una tofauti ya bei baada ya kununua duveti, chukua hiyo. Na kama chumba chako kiko juu ya duka la muziki au jirani ya kisiagi (mashine ya kusaga unga), acha zote mbili, tafuta maiki ya dainamiki, isiyo nyepesi kusikia sauti za mbali, kama Samson Q2U na uisemee sentimita 5 hadi 8. Sauti haitakuwa na uwazi uleule, lakini kisiagi kitabaki mbali.