Haibridi ya kuchaji kwa plagi: kagua breki za nyuma kabla ya betri

Malalamiko ya wamiliki wa magari haya yanafanana mno. Gari lina kilomita 60,000 tu, pedi za breki bado nene, lakini gurudumu la nyuma linalia, rimu inachemka na gari linavuta upande mmoja. Fundi akifungua anakuta diski imeliwa na kutu upande wa ndani, pedi imeganda kwenye kalipa, kifaa kinachoibana kwenye diski. Mnunuzi aliuliza afya ya betri, akajaribu skrini, akapapasa ngozi ya viti. Breki hakuziangalia.

Breki hizi huharibika kwa kukosa kazi. Ukikanyaga taratibu, mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha chaji kwenye betri. Pedi hubana kwa nguvu pale tu unapokanyaga ghafla, au mwendo ukishuka karibu na kilomita 10 kwa saa. Nyuma ndiko kwenye uvivu zaidi, maana gari lolote hutegemea zaidi breki za mbele. Diski isiyosuguliwa inashika kutu, pini ambazo kalipa hutelezea zinakauka, masikio ya pedi yanaganda. Mombasa, Tanga na Dar, hewa ya chumvi huharakisha mambo. Na gari lililotoka Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kushuka melini kutu imeshaanza.

Gredi nzuri ya mnada isikulaze. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, S ni kutu na C ni kutu iliyokula chuma, ila gredi inazungumzia bodi na ndani ya gari; kama kalipa inateleza au imekwama, haikuambii. Mulika tochi kupitia rimu, diski pande zote mbili. Unene wa chini kabisa umechongwa kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH. Kisha endesha kilomita 10 bila kukanyaga kwa nguvu, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa chuma. Upande mmoja wa nyuma ukiwa wa moto kuliko mwenzake, kalipa imeshika. Zuia magurudumu ya mbele, piga jeki nyuma, achia handibreki, zungusha gurudumu kwa mkono. Kwa Mitsubishi Outlander uzito kidogo ni kawaida, kwa sababu unazungusha na mota ya nyuma. Sasa vuta handibreki, iachie, zungusha tena. Likibaki zito, kebo imekwama au shafti ya handibreki kwenye kalipa imeingia maji.

Kwa kipimo hicho cha breki, chaguo la kwanza ni Toyota Prius PHV (PHV au PHEV ndiyo haibridi ya plagi) ya 2017 kuja juu (ZVW52, betri ya kWh 8.8). Ndiyo, tunaipendelea Toyota, na hatuombi radhi: fundi mwenye Techstream, programu ya Toyota ya kupima gari, hakosekani mjini, na Prius zimejaa kiasi kwamba spea za breki hazisubiri meli. Iko chini, matuta utayasikia. Vumilia.

Ya pili ni Mitsubishi Outlander PHEV ya lita 2.4, iliyotoka Japani mwaka 2018 na betri ya kWh 13.8. Gari zuri, ila ni zito, karibu kilo 1,900, na raha yake ndiyo mtego wake: dereva akizoea kuvuta padeli za usukani hadi B5, ngazi ya juu kabisa ya kurudisha chaji, breki za nyuma hulala miezi. Nyingi zina handibreki ya umeme. Kabla ya kubadili pedi za nyuma lazima iwekwe kwenye hali ya matengenezo. Fundi anayesukuma pistoni kwa klempu hivihivi anaua mota ya handibreki. Tena, usiijaze chaji Limuru halafu uteremke Mai Mahiu. Betri iliyojaa haipokei umeme vizuri, kwa hiyo mzigo mkubwa wa mteremko unabebwa na diski zilezile zenye kutu. Mteremko wa Kitonga, Tanzania, ni vivyo hivyo.

Outlander ya lita 2.0 (2013 hadi 2018) inafuata, kwa ukaguzi uleule na subira zaidi. Kenya gari lililozidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo hizi utazipata zilizokwisha kutembea nchini.

Prius PHV ya 2012 hadi 2016 ni ya bei rahisi kwa sababu. Washa gari mpaka taa ya READY iwake, achia breki, sikiliza pampu ya breki. Inatakiwa ingurume sekunde chache inyamaze. Ikirudi tena na tena bila kuguswa, presha ya breki inavuja na msimbo wa hitilafu C1391 hauko mbali. Kitengo kizima cha presha ya breki ndicho kinachobadilishwa. Ondoka.

Ukishanunua, mara moja kwa wiki, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma, tia N (gia huru) ukiwa kilomita 60 kwa saa na kanyaga hadi 20, mara tano au sita. Kwenye N mota hairudishi chaji, pedi ndizo zinazosugua. Kila mwaka toa pedi, piga brashi ya waya sehemu zinapokaa, paka pini grisi ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha raba, na pini iliyovimbiwa raba hukwama vibaya kuliko iliyokauka.

Sasa wauzaji. Kuna yadi zinazopuliza rangi ya fedha kwenye kalipa na diski, gari ling'ae kwenye picha; rangi kwenye uso unaosuguliwa maana yake gari halijaendeshwa tangu lipakwe. Kuna wanaokuruhusu kuzunguka mtaa mmoja tu, mwendo usiotosha kupasha rimu. "Sevisi kamili" yao ni oili na filta. Na duka la spea ukiulizia pini na raba zake utaambiwa haziuzwi peke yake, chukua kalipa nzima. Zinauzwa. Nenda na namba ya chesisi, taja seti ya pini na raba za kalipa ya nyuma, wakikataa vuka barabara uingie duka la pili.